Ulitaka Zote Ziwe za Bluu

Mtaa wa Murubona,
Kasulu, Kigoma.
Jumapili, 20 Oktoba 2013

Mpendwa mdogo wangu William,

Salamu zikufikie huko Mbagala kwa Shangazi Rosa. Natumaini u mzima, kile kifua hakikusumbui tena, na joto la Dar umeshalizoea. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, maharage tumepanda juzi, na mgongo wa Mama umetulia tangu nimkataze kubeba maji. Anakusalimu kwa Kiha chake, mwakeye, na anauliza kama unakula vizuri. Ananiona naandika hapa mlangoni, anadhani ni barua ya salamu tu.

Kwa nini natumia karatasi, unajua mwenyewe. Tangu mwezi wa tisa nakupigia, simu inaita mpaka inachoka. Ujumbe unaingia, jibu hakuna. Barua hii nampa kondakta wa basi aikabidhi kwa Shangazi, na Shangazi nimemwomba asikupe chakula cha jioni kabla hujaimaliza. Usimkasirikie, nimemwomba mimi.

Gari lako lipo, ni zima, linawaka. Najua hilo ndilo ulitaka kusikia kwanza, kabla hata ya mgongo wa Mama. Sasa kaa chini nikueleze mengine.

Ulipoingia Agosti na lile gari la spoti la milango miwili, mtaa mzima ulitoka. Baba mdogo Niyibizi alilizunguka mara mbili akauliza kama limechoka, maana hajawahi kuona gari lililokaa chini namna ile. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilisema moyoni, huyu ndiye William wetu aliyekuwa akikimbia moshi wa risasi Baba akilehemu redio, leo amefika na gari lake. Na uliponiambia kwamba mafundi wa gereji hapa mjini wanajua injini lakini hawana mkono wa vitu vidogo, kwamba kazi ya taa za dashibodi unataka niifanye mimi, nyumbani, nilijiona nimekua futi moja. Tangu Baba afariki na kuniachia kibanda cha redio, hukuwahi kuniita fundi. Siku ile uliniita, tena mbele ya majirani.

Unakumbuka tulivyofanya. Mkeka wa Mama sebuleni, dashibodi juu yake kama mgonjwa, na skrubu kwenye sinia, kila moja mahali ilipotoka, jinsi Baba alivyotufundisha. Ile karatasi ya kijani nyuma ya mita tuliibandua taratibu kwa mvuke wa birika. Globu za zamani nilizitoa moja moja, nikaweka vitaa vyako vya LED ulivyonunua Kariakoo, ishirini na viwili kwenye pakiti. Vingine vilikataa kuwaka mpaka nivigeuze, na kila kimoja kilipowaka ulipiga kofi.

Halafu nikafika kwenye ile taa ya betri, ile ndogo nyekundu inayowaka ukiwasha swichi na kuzimika injini ikinguruma. Niliipima kwa testa mara tatu. Nikakuonyesha kwamba waya wake hauendi kwenye swichi ya taa kama zile nyingine, unakwenda moja kwa moja kwenye alteneta, mashine inayochaji betri. Nikakwambia naona alteneta inaamshwa na umeme unaopita ndani ya globu hii, na kitaa cha LED kinapitisha umeme kidogo mno, haitaamka. Tuiache hii na globu yake. Ulicheka. Ukasema, "Dada, zote bluu. Sitaki jicho jekundu linanikodolea macho ndani ya gari langu." Ukachukua wembe ukakwangua rangi nyekundu ya kialama chake mwenyewe, kwa mkono wako, nami nikiwa nimeshika kioo.

Nikaweka kitaa cha bluu. Nikafunga.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, wala silifichi. Baba alikuwa akituambia fundi anayeona hatari halafu akafunga kifuniko ndiye mharibifu, hata kama mwenye mali ndiye aliyetaka. Niliona, na nikafunga, kwa sababu ulikuwa umeniita fundi na sikutaka uache kuniita. Hilo nimelijutia kila siku, na ningekuwa nimeliungama mbele ya mtu yeyote, kama ungeniachia nafasi ya kusema.

Mchana ule tulifunika gari kwa turubai ili tuone rangi vizuri. Tulikaa humo ndani wawili tukitokwa jasho, mita zote zinang'aa bluu, wewe umeshika usukani huendi popote. Nilikumbuka tulivyokuwa tukijifunika blanketi na redio ya Baba, tukiangalia kile kitaa cha kwenye namba za stesheni. Nadhani na wewe ulikumbuka, maana ulinyoosha kidole ukaigusa mita. Nakwambia hili ili ujue kwamba sikusahau, na kwamba linaniuma zaidi kwa sababu sikusahau.

Alhamisi gari likagoma, vijana wa jirani wakalisukuma. Nikakwambia ni ile taa. Ukasema betri ni ya zamani, ukaipeleka kwa Abdalah ikachajiwa mpaka ikajaa, ukaniambia nisikuletee mkosi karibu na siku yako.

Jumamosi tukaenda Kibondo kupeleka mahari kwa wazazi wa Evaline. Wewe mbele na Baba mdogo, muziki juu, feni juu, sisi wengine nyuma kwenye Noah ya kukodi tunakula vumbi lako. Betri ilikupeleka ilipoweza. Nilimuuliza Baba mdogo baadaye, akaniambia kwamba njia nzima kulikuwa na alama ya betri inawaka bluu pale chini ya mita ya mafuta, akadhani ni pambo. Ilikuwa inakuita, William. Ilikuita tangu Kasulu, ila kwa rangi uliyoichagua wewe huwezi kuitofautisha na zile nyingine.

Likazimika kilometa kumi na kitu kabla ya kufika. Noah nayo ilikuwa imejaa, ukakataa kuliacha gari peke yake, tukasubiri, na mwisho tukavutwa na lori la mihogo. Watu waliotutarajia saa tano walituona saa kumi, wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, na bwana harusi mtarajiwa anaburutwa kwa kamba. Nakiri ilikuwa aibu. Ningekuwa wewe ningelia.

Lakini hukulia. Mzee Reverien, baba yake Evaline, aliuliza kwa upole tu tumepatwa na nini njiani. Wazee wa pande zote mbili wamekaa. Mimi nimekaa mkekani kama dada mkubwa, kapu la zawadi alilotuma Mama liko magotini, sijalikabidhi hata. Ukanyoosha kidole ukasema, "Gari lilikuwa zima. Nilimwachia dada yangu huyu siku mbili, sijui alinyofoa nini ndani."

Sijui alinyofoa nini. Unajua maana ya neno hilo kwa fundi. Hukusema nimekosea. Mafundi wote tunakosea. Ulisema nimetoa kitu kizima nikaweka kibovu, yaani mimi ni mmoja wa wale wanaofungua redio ya mtu na kubaki na moyo wake. Ulisema mbele ya ukweni. Na mimi kwa desturi siwezi kujibizana na ndugu yangu kwenye kikao cha mahari, unalijua hilo, na ndiyo maana ulisema pale. Nilikaa na kapu magotini mpaka kikao kikaahirishwa.

Neno lako lilifika Kasulu kabla yangu. Zuleha mwenye duka la vitenge, ambaye Baba alimtengenezea redio miaka yote na mimi nikaendelea, aliniletea amplifaya yake wiki iliyofuata. Nilipoigeuza nikakuta kila skrubu imepakwa rangi nyekundu ya kucha, ili ajue nimefungua ipi na kugusa nini. Alitabasamu na kuniambia siku hizi watu wanasema mengi, nisimfikirie vibaya. Mwingine alileta kiti, akakaa akinitazama mikono mpaka nilipomaliza. Wengine hawaji kabisa, wanapeleka Buhigwe. Mwezi huu nimefungua redio mbili. Kibanda cha Baba nakifungua asubuhi, nafagia, nakaa. Kikifungwa, Mama na mimi tutarudia jembe peke yake, na Mama hana mgongo wa jembe.

Wewe ukaliacha gari kwa Mzee Reverien, ukarudi Dar, ukatuma alteneta nyingine kwa basi. Fundi wa Kibondo akaifunga, betri ikaendelea kufa. Ndipo ulipotuma ule ujumbe wako wa mwisho, "kumbe na waya uliharibu". Baada ya hapo kimya.

Basi nikaenda mwenyewe. Ile globu ya zamani nilikuwa nimeiweka kwenye kibiriti, kwa sababu situpi kitu cha mtu. Na kwa kuwa rangi uliikwangua, nilipita dukani kwa Zuleha nikamwomba ile ile chupa yake ya rangi ya kucha. Aliona haya, akanipa. Jumatano iliyopita nikapanda basi la Kibondo.

Nilimwomba Mzee Reverien ruhusa, nikamwomba pia aketi karibu, yeye, mkewe na Evaline, waangalie kila ninachotoa na ninachorudisha. Unajua ni uchungu gani kwa fundi kuomba alindwe kama mwizi? Niliomba mwenyewe. Mzee alihesabu skrubu, akahesabu vitaa vyako vyote vilivyo ndani. Nikatoa kile kimoja cha betri, nikarudisha globu, nikapaka kile kialama rangi nyekundu, ikakauka. Alteneta ya kwanza, ile iliyokuja na gari, bado ilikuwa chini ya benchi la yule fundi. Nilimwomba airudishe mahali pake. Tukaazima betri yenye chaji. Ukiwasha swichi, jicho jekundu. Injini ikinguruma, linazimika. Testa ikasoma volti kumi na nne. Alteneta yako ilikuwa nzima siku zote, hakuna kilichonyofolewa.

Mzee aliisoma testa mwenyewe. Kisha akasema, "Binti yangu, mimi nimeona. Lakini neno lile lilisemwa kikaoni, na aliyelisema ni nduguyo. Mimi siwezi kulifuta. Alifute yeye, watu wale wale wakiwepo." Evaline alinisindikiza mpaka stendi. Hakusema lolote juu yako, na kama ningekuwa wewe hilo lingenitisha.

Kikao cha pili ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Ninachotaka ni kitu kimoja. Siku hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, useme kwa mdomo wako kwamba niliiona ile hatari nikakuonya, kwamba rangi uliikwangua wewe, na kwamba sikunyofoa kitu. Sema pia kwamba nilifunga nikijua, hilo nalo ni kweli na nitalibeba. Usinisemee hayo kwa simu, wala usimtume Baba mdogo. Ukilisema, kapu nitalibeba kama dada yako, na nitalikabidhi. Usiposema, sitakwenda. Mama atauliza kwa nini dada mkubwa amebaki nyumbani siku ya mahari ya mdogo wake. Mpaka leo anaamini gari liliharibika kwa vumbi tu. Nimemlinda na hilo miezi miwili, kwa ajili yako. Siku hiyo nitachoka.

Nina hasira nawe, William. Sijui kuipamba. Nikipita pale sebuleni penye mkeka nageuza uso.

Nisalimie Shangazi Rosa, mwambie kitenge alichotuma kimemkaa Mama vizuri. Msalimie na yule rafiki yako Brighton aliyenisaidia kubeba mzigo mwaka juzi. Baba mdogo Niyibizi anakusalimu, anasema gari likikushinda umwachie afugie kuku. Abdalah naye anakusalimu, ndiye pekee bado ananiletea kazi bila kukaa kunitazama.

Mungu akulinde na barabara, na akupe kinywa cha kusema lililo kweli siku ukihitajika kulisema.

Mimi dada yako, ninayekupenda bado, ingawa safari hii kwa shida,

Herieth Anatoli

N.B. Chungulia ndani ya bahasha, kuna pamba. Humo kuna kitaa chako cha bluu. Ulileta ishirini na viwili, Mzee Reverien alivihesabu vyote, ishirini na kimoja vimebaki ndani ya gari, na cha mwisho ni hiki. Sasa hakuna chako kilichobaki kwangu. Changu kimoja bado kiko kwako.