Mimi Siyo Mumeo

Karatu, Alhamisi

Mgongo unaniuma, na sishangai, maana leo nimejifungua mara tisa kabla ya chakula cha mchana.

Mtihani wa vitendo wa wakunga. Mdoli wetu wa mafunzo kapasuka tumbo, basi mwalimu mzima nikafunga mto chini ya kitenge, nikawa mama mjamzito. Kwa uchokozi wangu nikawa msumbufu: nalia, nagoma kulala, namwita mama yangu kwa Kiiraqw. Wanafunzi jasho liliwatoka.

Akaingia Paskalina, yule mpole wa Mang'ola. Nikapiga yowe. Akashika kiuno, akanitolea macho: "Wewe mama, usinipigie kelele, mimi siyo mumeo!"

Niliketi, nikachukua fomu yake. Penye "lugha ya heshima kwa mama" nikaandika sifuri kubwa.

"Maneno hayo kakufundisha nani?"

Akainamisha kichwa. "Samahani, Madamu. Ni wewe. Jumanne, wodini."

Kweli nilisema. Yule mama wa watu, uchungu umemshika, akauma kitenge chake...

Sifuri nimeiacha. Nimefuta jina la Paskalina tu, nikaandika langu. Kesho mto anafunga yeye, mimi ndiye natahiniwa. Nimeshamwomba asinionee huruma, na alivyotabasamu sikupenda.