Maji Tunayo

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila ofisini hatupumui: tunaandika ripoti ya nchi kuhusu mpango wa kimataifa wa maendeleo endelevu. Fomu ya kijiji chetu haikufika, na mkuu wa kitengo amenisimamia kichwani. Nikafungua barua yako ya mwisho: "Sisi wazima, maji tunayo." Nikaweka tiki penye swali la maji. Cheka, Mama, umeingia kwenye mambo ya dunia!

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nilicheka kweli, kisha nikakaa chini. Pampu ilikufa mwaka juzi. Nilikuandikia maji tunayo kama mtu anavyosema hajambo huku homa imempanda. Uko mbali, nikutie wasiwasi wa nini? Tunachota mtoni. Wiki iliyopita mwenyekiti alikwenda kuomba pampu mpya, akaonyeshwa karatasi: kijiji hiki kina maji. Kaifute hiyo tiki, mwanangu.

Mama yako

11 Agosti

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Nilikwenda kwa mkuu siku ileile niliyopata barua yako. Ripoti ilikuwa imeshasomwa mbele ya mataifa, ikapigiwa makofi. "Maji yakimwagika hayazoleki," akaniambia. Maji gani, Mama? Ili tiki ifutwe, lazima nikiri kwa maandishi kwamba nilibuni, na nikikiri sina kazi. Mdogo wangu atasomeshwa na nani? Kumeza siwezi, kutema siwezi. Nikifungua bomba hapa naona aibu.

Mwanao

25 Agosti

Mwanangu,

Leo salamu sikupi, usije ukazipeleka kwenye ripoti. Sisi si wazima. Goti limevimba kwa kupanda kilima na ndoo. Mdogo wako unayemhofia haendi shule siku mbili kila wiki, ni zamu yake mtoni. Pampu imekufa. Nimetia sahihi, mwenyekiti amegonga muhuri. Barua yangu ya uongo uliiingiza; iingize na hii ya kweli.

Mama yako

30 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Imo kwenye droo ya meza yangu, na ufunguo natembea nao. Ripoti nyingine itaandikwa baada ya miaka minne.

Mimi mzima, Mama. Kazi inaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao