Saini Niliyokuwa Nakuwekea

S.L.P. 47,
Ruangwa.
21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Faridi,

Amani ikufikie huko Mwanza, wewe na wifi yangu Raudha. Kifua cha Samia kinaendeleaje, au baridi ya ziwani bado inamsumbua? Sisi huku tu wazima wa kujikongoja. Baba anakula vizuri, ila masikio ndiyo yameaga. Ukimpigia simu anaitikia "ndiyo" kwa kila jambo, kwa hiyo usimwombe ruhusa ya kitu.

Ufuta tulishavuna, haukuwa mwingi. Korosho zimeanza kuanguka.

Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Juzi nilikwenda shuleni kwetu, upande wa Nachingwea, ile siku ya wahitimu kufyeka na kufagia chini ya mikorosho ya shule. Korosho zile zikiuzwa ndizo zinazolipia chakula cha mchana cha wanafunzi. Mpaka leo mgongo haunyooki. Mume wangu Sadiki ananitania kwamba nimeajiriwa pasipo mshahara.

Faridi, nimechoka.

Mwaka wa kwanza wa siku hiyo ya kufagia walikualika wewe, ukanituma nikuwakilishe. Karatasi ya mahudhurio ina safu ya jina, safu ya mwaka wa kumaliza, na ya saini. Nikaandika jina lako na mwaka wako, nikakuwekea saini. Miaka iliyofuata hukunituma tena. Nilikwenda mwenyewe, nikaandika vilevile, kwa kuwa waliitwa wahitimu na mimi sikuhitimu. Leo ni mwaka wa sita.

Mama alipougua, ilibidi mmoja wetu arudi nyumbani kumuuguza. Baba akanitoa mimi, nikiwa Kidato cha Pili. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Utauliza basi kwa nini narudi. Narudi kwa ajili ya Mwalimu Scholastika. Zile insha nilizokuwa nakupa umpelekee alizisahihisha muhula mzima, kwa wino mwekundu, wakati jina langu lilishakatwa kwenye rejista. Hakuna aliyemtuma. Kwenye alama hakunionea huruma hata siku moja, na makosa yangu aliyaandika yote pembeni. Hata mwandiko huu unaousoma ni yeye aliyeunyoosha. Nikishika fagio pale najiona bado ni mwanafunzi wake, na hilo linanipa raha ambayo siipati kwingine.

Sasa juzi, mkuu mpya wa shule, Mwalimu Teofili, alisimama na makaratasi ya miaka yote. Akasema yupo mhitimu mmoja ambaye hajakosa hata mara moja, Faridi Yunusi, na kwamba kwenye mahafali ya tarehe 18 Oktoba atapewa cheti cha shukrani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, fagio likiwa kwapani.

Nilipokwenda kunawa mikono nilisikia uchungu, mdogo wangu, sikufichi. Nikarudi nikaomba karatasi ya mwaka huu. Jina lako nilikuwa nimeshaliandika asubuhi. Nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika langu, na kwenye safu ya mwaka nikaandika: sikumaliza. Mwalimu Teofili akaisoma pale pale, kisha akanirudishia kalamu.

"Saini hujaweka, mama."

Nikaweka. Ndipo akaniuliza habari za ile miaka mingine. Nikamwambia hiyo ataelezwa na mdogo wangu.

Msalimie sana Raudha, na Samia mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Sadiki na baba wanakusalimu. Kulthumu wa Kiegei amejifungua salama, mtoto wa kike. Mungu awakinge na kila shari, awape riziki yenye heri.

Mwaliko utakufikia. Usije kuniomba radhi, hiyo siitaki. Njoo usimame mbele yao useme nani alikuwa anafagia, maana mimi nimechoka kukusemea.

Dada yako asiyeacha kukupenda,

Sikuzani Yunusi