Jina la Feza Kwenye Karte

Kasongo, 6 Machi 1955

Kwa Mjomba Faradji, Kabambare,

Salaam aleikum. Sisi wa huku tu wazima. Feza alishikwa na mafua, lakini yamemwacha na kelele zake zimerudi. Goti lako je? Na mpunga, mvua imeuhurumia?

Mjomba, nimeona jambo, na mpaka sasa nimeshika mdomo. Kwenye magazini, lile duka kubwa la hapa mjini, wanatoa karte. Ni karatasi ngumu, rangi ya papai lililoiva, ndogo kuliko kiganja. Jana jirani yetu Régina aliiweka juu ya meza, karani Octave akaipiga muhuri, na Régina akatoka na baiskeli mpya. Hakutoa hata senti! Nilimfuata kwa macho mpaka akakata kona, nikingoja mtu amkimbize. Wapi! Eti atalipa polepole, kila akiuza kitu.

Hemedi anataka mashini ya kushona. Unamjua mume wangu, hii ya kukodi inamaliza jasho lake lote. Karte yetu imeshaandikwa: jina lake, langu na la Feza. Nimemwambia asichukue kitu mpaka mjomba aseme. Baba hayupo, mama hayupo, neno ni lako.

Mpwa wako,
Aziza


Kabambare, 19 Machi 1955

Aziza mwanangu,

Waaleikum salaam. Goti limezeeka kabla yangu, lakini linanifikisha msikitini. Mpunga umesimama vizuri.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa chini. Baiskeli kwa karatasi! Sikatai, dunia ina maajabu. Ila niambie, jina la mtoto linatafuta nini humo?

Marehemu mama yako alikuambia kwamba dada yetu mkubwa Feza, somo wa binti yako, alipotea. Hakupotea. Mwaka wa njaa baba yetu alichukua chumvi na majembe kwa tajiri mmoja wa Nyangwe, bila kulipa kitu. Sisi watoto tulishangaa kama wewe: mzigo wote ule, bure! Kumbe Feza ndiye aliyekwenda kukaa kwa yule tajiri mpaka deni liishe. Ndivyo ilivyokuwa zamani, mtu aliwekwa rehani. Baba alikusanya mbuzi, akaenda kumkomboa. Wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Alirudi na mbuzi wake, na sikumsikia akicheka tena.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Rudisheni karte hiyo.

Mjomba wako,
Faradji


Kasongo, 2 Aprili 1955

Mjomba wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari ya mama mkubwa Feza imenichoma. Miaka yote nalitamka jina lake na sikujua.

Lakini mjomba, usinicheke, nami sikucheki: siku hizi watu hawawekwi rehani. Octave anaandika wote wa nyumba, ili hata mtoto nikimtuma chumvi apewe. Basi.

Tena unisamehe. Hemedi hakungoja. Barua yako ilifika mashini iko mezani. Laiti ungeiona! Ni nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni, na sindano inakimbia mpaka jicho linashindwa kuifuata. Watu wanajaa mlangoni kuitazama tu, na mimi mwenyewe naamka naigusa kuhakikisha ipo. Feza ndiye anayezungusha gurudumu, kichwa juu kama mke wa chifu. Tumekushonea kanzu.

Usiwe na hofu, mjomba.

Mpwa wako,
Aziza


Kasongo, 15 Mei 1955

Mjomba,

Salaam aleikum. Sijui hata kama umefika salama, na njia ile, na goti lile.

Ulikuja Kasongo na hukubisha hodi kwangu. Octave ndiye aliyenihadithia. Anasema aliingia mzee amejaa vumbi, anavuta mbuzi wawili, mpaka mbele ya meza.

"Nimekuja kukomboa mutoto. Feza iko wapi?"

Octave akacheka. "Muzee, hapa hakuna mutu wa jina hilo."

"Hata kule Nyangwe walimwambia baba yangu vile vile."

Hapo kicheko kikamkauka. Alijaribu kukueleza, ukawa unamtazama tu. Mwishowe akaitoa karte yetu iliyobaki dukani, akakuonyesha jina. Ukamwambia alikate. Akachukua mkasi, akalikata. Ukakiweka kile kipande ndani ya kofia, ukawaacha mbuzi, ukatoka.

Octave alipomaliza, nilimwita Hemedi asikie mwenyewe. Alijitwika mashini kichwani, akaenda kuirudisha, na karte yenye tundu ikabaki hukohuko. Sitakuficha, nililia, maana niliipenda mashini ile. Sasa Hemedi amerudi kwenye ile ya kukodi. Octave ametuletea mbuzi wako, tumewafunga nyuma ya nyumba. Nimpe nani akuletee?

Na kwa nini hukuingia, mjomba? Feza alikuwa uani anatwanga.

Mpwa wako,
Aziza


Kabambare, 29 Mei 1955

Aziza mwanangu,

Waaleikum salaam. Nimefika, goti limevimba, linakandwa kwa maji moto.

Sikuingia kwa sababu nilikuwa nalia, na mzee halii mbele ya mkwe. Nilisimama nyuma ya ua wenu. Nilimsikia anatwanga, anaimba. Ilinitosha.

Mbuzi msinirudishie. Si wangu. Baba aliwakusanya kwa ajili ya Feza, nami tangu hapo sikuuacha uzao wao ukatike. Wafugeni. Wakizaa, uzeni mpate mashini yenu wenyewe. Kanzu nitaifuata Idi, mpaka ndani, Inshallah.

Kile kipande cha karatasi nimekizika kando ya kaburi la baba, ajue kwamba safari hii hatukuchelewa.

Mjomba wenu, wako na wa Feza,
Faradji