Pipa la Taka la Afande

Jumatano, saa kumi jioni, Luzira.

Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, na sasa kuna jua la kuchoma mgongo huku matope bado yanateleza. Niko kibarazani kwa Baba, naandika kwa simu. Yeye yuko ndani, mezani, anaandika pia. Nasikia vidole vyake viwili kwenye kibodi: ta, kimya, ta-ta, kimya kirefu.

Hali yangu leo: ya kawaida. Nimeandika hivyo, nikafuta, nikaandika tena. Tuiache hivyo hivyo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutunza kompyuta za shule moja huko Ntinda. Nafuta, nasakinisha upya, natoa vumbi, natoa chingamu za watoto kwenye matundu ya flashi. Baba ni askari magereza mstaafu, na mtaa mzima humu unamwita Afande, hata katekista. Mama alifariki mwaka jana. Yeye alikuwa Mwislamu wa Yumbe, Baba ni Mkatoliki wa Nebbi, na Kiswahili ndiyo lugha waliyokutania katikati. Ndiyo maana naandika blogu hii kwa Kiswahili, ingawa jirani zangu wa Ntinda hunishangaa.

Nitaeleza mambo kwa mpangilio. Nikianza na aibu sitafika mwisho.

Baada ya msiba, Baba alinunua kompyuta ya mtumba kwenye maduka ya Nakivubo, mjini. Hakuniuliza. Alikwenda mwenyewe na koti lake la Jumapili, akachagua iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu kwake uzito ni dalili ya ubora. Mgongoni bado ina kibandiko cha shule fulani ya ng'ambo na namba ya mali. Ilikuwa goigoi tangu siku ya kwanza. Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha kikombe, nayo bado inazungusha kile kiduara chake.

Wiki iliyopita akanipigia. Alisema anataka iwe na mbio, ana kazi ya kumaliza kabla ya Jumamosi.

Sikuuliza kazi gani.

Jumapili nikaja, yeye akiwa ametoka misa. Nikaifungua mashine, nikaona mfumo wake ni wa zamani, umejaa programu za mmiliki wa kwanza, wa pili na pengine wa tatu. Kuusafisha kidogo kidogo ni kupoteza siku. Dawa ni kufuta diski yote na kuweka mfumo mpya. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja: una vitu vya maana humu?

"Vitu yangu iko salama," akasema, akaenda kulisha kuku.

Nikaelewa nilivyoelewa. Nikanakili folda ya hati: barua ya pensheni, ratiba ya kwaya, picha za ubatizo wa mtoto wa jirani. Nikanakili picha zote. Kisha nikafanya jambo ambalo hufanya kila fundi ninayemjua, hata pale lisipohitajika: nikafungua pipa la taka la kompyuta. Ndani kulikuwa na faili sitini na moja. Majina yake yalikuwa namba tupu, 1, 2, 3, hadi 61. Nikadhani ni uchafu wa kibodi inayoganda. Nikacheka peke yangu, nikabonyeza kumwaga, nikasikia ule mlio wa karatasi kukunjwa. Mlio huo huwa unanifurahisha sana.

Baada ya hapo nikafuta diski, nikaweka mfumo mpya na masasisho yake. Mashine ikawa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Nikajisikia vizuri, na kwa kuwa nilijisikia vizuri nikaongeza zawadi: mechi za zamani za mpira, nyimbo za misa, nyingi tu, mpaka diski ikajaa nusu. Baba akanishukuru, akanipa mayai kumi na mawili. Nikarudi Ntinda.

Jumatatu akapiga simu nikiwa darasani.

"Wewe, ile karatasi yangu iko wapi?"

Nikamwambia hati zake zote zipo, afungue folda.

"Si hiyo. Ile nilikuwa naweka kwa takataka."

Nilitoka nje, nikasimama chini ya paa la jiko la shule. Nilimuuliza kwa nini mtu aweke vitu vyake kwenye taka. Akanieleza kwa upole, bila kuharakisha, maana kwake mimi ndiye niliyekuwa sielewi.

Kule gerezani, alisema, kila kitu kinapekuliwa. Mfungwa anapekuliwa, askari anapekuliwa, godoro, soksi, mfuko, droo. Kitu ambacho hakuna mkubwa anayekitia mkono ni pipa la taka. Kwa hiyo miaka yake yote ya kazi, kalamu nzuri, sabuni nzima na barua ambazo Mama alimwandikia akiwa kwao vilikaa chini ya pipa la ofisi yake, vimefunikwa gazeti. Hakuibiwa hata siku moja. Alipopata kompyuta, na watoto wa dada yangu Rehema wakaanza kuichezea kila likizo, wakifungua kila folda, akaona mle ndani pia kuna pipa. Akafurahi. Akitaka kuandika, anairudisha faili, anaandika, anaitupa tena, kama mtu anayemtoa mfungwa kwenda kazini na kumrudisha jioni.

Nikamuuliza, na pipa la ofisi, lilikuwa linamwagwa na nani?

"Mimi," akasema. "Pipa ya mtu, mwenyewe ndiyo anamwaga. Nani mwingine?"

Hapo nikajua zile faili zilikuwa nini, kabla hajasema.

Lazima nieleze kuhusu mazishi. Kwa kina Baba, mtu akizikwa watu husema. Husema mpaka wasikilizaji wahame na kivuli. Na wa kwanza kusubiriwa ni mume au mke: alimpata wapi, waliishi vipi, alikuwa mtu wa namna gani. Lakini Mama alizikwa kwa dini yake. Alifariki asubuhi, na kufikia alasiri tulikuwa tumeshafukia. Kaka yake, Mjomba Swaleh, alisimamia kila kitu, na alisimamia vizuri. Hakuna aliyemkosea Baba. Hotuba hazikuwemo tu katika utaratibu. Baba alisimama nyuma na kofia mkononi kama mgeni, na watu walipotawanyika akabaki na maneno yake yote.

Mimi siku hiyo nilikuwa nashughulikia viti na magari. Nilijitafutia kazi nyingi sana. Sijalia tangu siku ile. Natoa taarifa tu.

Sasa Jumamosi hii kuna dua ya kumkumbuka Mama, kando ya kaburi lake, na Mjomba Swaleh mwenyewe alimwambia Baba, baada ya dua na kabla ya chakula utapewa nafasi, Afande, useme. Kwa hiyo zile faili sitini na moja zilikuwa hotuba ya Baba. Kila faili ilikuwa kitu kimoja kuhusu Mama. Alikuwa amebakiza kuziunganisha.

Jana niliomba ruhusa kazini, nikaja kuichukua mashine Baba akiwa kanisani, nikaipeleka Nakivubo kwa Nalongo. Nalongo ana kibanda ghorofani, chembamba, unaingia kwa ubavu. Ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua. Wateja wake wengi ni Wakongo, kwa hiyo Kiswahili anacho, kwa namna yake. Aliweka programu ya kurudisha vilivyofutwa, tukasubiri saa nne nzima. Sikula. Nilikuwa nahesabu nyaya ukutani.

"Bambi, ssebo," akasema mwisho, akinipa pole kwa Kiganda. "Majina imeludi. Ndani hakuna kitu."

Nikaangalia. 1, 2, 3, hadi 61, zote zimepangika vizuri, zote tupu. Akaniuliza nimeweka nini juu yake. Nikamwambia mfumo, masasisho, na mechi za mpira. Akanitazama, akachukua kitambaa akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Alikataa hata shilingi yangu. Afadhali angenitukana.

Leo nimerudisha mashine. Njiani nilitayarisha maelezo ya kitaalamu: diski inafanyaje kazi, kwa nini kitu kikifunikwa hakirudi. Baba alinisikiliza hadi mwisho, ameketi wima, mikono magotini, alivyokuwa akipokea taarifa ya zamu.

"Yote?" akauliza.

Yote.

"Wewe ulisoma?"

Nikasema hapana, singeweza kufungua vitu vyake. Nilidhani hilo litamfariji.

"Hata moja?"

Hata moja.

Akageuza uso dirishani. Ndipo nikaelewa kwamba angeweza kustahimili kuzipoteza. Alitumaini angalau mtu mmoja alikuwa amezisoma. Nilikuwa nazo mbele yangu, sitini na moja, na nikacheka. Nimeona aibu maishani mara kadhaa lakini si kama hii. Nikakaa chini kwenye mkeka, mtu mzima na viatu vyangu.

Kuku waliingia, wakatoka.

Kisha Baba akavuta kiti mezani, akawasha kompyuta. Ikawaka pale pale. Akaitazama kidogo.

"Kweli iko na mbio," akasema, bila ubaya wowote.

Akafungua ukurasa mweupe. Akakaa. Vidole viwili juu ya kibodi, havishuki. Sikujua kama nitoke au nibaki. Nilikuwa nimeshanyanyuka aliponiuliza, bila kugeuka:

"Mama yako akifunga mulango asubuhi, alikuwa anasema nini?"

Mama alikuwa anauza vitambaa sokoni. Sisi watoto tulitoka naye alfajiri, sisi kwenda shule, yeye kwenda kazini. Kila siku, akishafunga kufuli, aliweka kiganja kwenye mlango na kuiambia nyumba maneno yale yale. Sikuwa nimeyafikiria kwa miaka. Yalikuja yenyewe.

"Nyumba, kaa na adabu," nikasema.

Baba akageuka.

"Ndiyo hivyo inaanza?"

Ndiyo hivyo inaanza, nikamwambia. Kwani wewe hukujua?

"Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku, niko kwa kitanda," akasema. "Nilikuwa nasikia mwisho tu. 'Narudi.' Miaka yote nasikia hiyo tu. 'Narudi.' Hata kwa ile karatasi niliandika hiyo tu."

Mimi nilikuwa nimelisahau hilo neno la mwisho. Nyumba, kaa na adabu, narudi. Yeye alikuwa na mwisho na mimi nilikuwa na mwanzo, na tumeishi hivyo tangu nikiwa darasa la kwanza bila mtu kumuuliza mwenziwe.

Nikalia. Nairekebisha taarifa ya hapo juu. Haikuwa ndefu, lakini ilikuwa ya kelele, na Baba alifanya kile ambacho askari wa umri wake hufanya: akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akaangalia pembeni mpaka nikamaliza.

Halafu akaandika, ta, ta, sentensi nzima. Mashine sasa inamsubiri yeye. Alipomaliza akaihifadhi, akaipa jina: 1. Kisha, mbele ya macho yangu, akaivuta taratibu kwa kidole hadi kwenye pipa la taka, akaiachia humo.

"Usimwage," akasema.

Simwagi, Baba.

Hiyo ilikuwa saa sita mchana. Tangu hapo ananiita kila baada ya muda. Mama aliimba nini akikaanga samaki? Ni mguu upi uliokuwa unamuuma wakati wa baridi? Jina alilompa yule paka? Mengine ninayo, mengine sina, na mengine nimempigia Rehema, ambaye alianza kwa kunigombeza na kuishia kucheka. Baba amefika namba tisa. Hatutafika sitini na moja kabla ya Jumamosi, nimeshapiga hesabu. Ameniambia kwa utulivu kwamba nyingine hata yeye hazikumbuki tena. Alikuwa ameziandika ili asilazimike kuzikumbuka. Hizo nimezimwaga mimi, na sina programu wala Nalongo wa kunisaidia. Nitabaki nalo hilo.

Sasa hivi ametoka nje, hapa kibarazani, kunyoosha mgongo. Amesema Jumamosi nikae upande wake kwenye mkeka wa wanaume, nisiende kushughulikia viti. Sauti ikimkatalia, nichukue karatasi, nisome mimi. Nimesema sawa kabla sijafikiri.

Amerudi ndani. Ta, kimya, ta-ta.

Ataanza na namba moja, na namba moja ina maneno matano. Manne ya kwanza nimeyajaribu hapa kibarazani kwa sauti ya chini, na yanatoka. Je, lile la mwisho nitalisoma vipi, mbele ya watu wote, na Mama amelala pale kaburini?