Wankuru, Marwa Aliiongeza Tena Kasi ya Taa

Wankuru,

Nimekasirika. Nilitaka kuanza kwa kukuuliza habari za huko uliko, kama watu wanavyoandika, nikaona ni unafiki. Sina habari za kuuliza. Ninazo za kukupa, nyingi ni mbaya, na wewe mwenyewe umo ndani yake.

Nianze na Marwa. Unamjua alivyo. Kwa sababu kompyuta ni zake na chumba cha kazi pale Mugumu anakilipia yeye, anadhani na vichwa vyetu ni vyake. Nilirudi kutoka kukuzika, nikafungua mchezo wetu wa simu, ule wa kulinda shamba, nikaiona ile taa ya kufukuzia tembo inapepesa kama imeingiwa na wazimu. Nyeupe, giza, nyeupe, giza, mpaka macho yangu mazima yakauma. Nikaenda kwenye ukurasa wa kwanza kutafuta ule mstari wako, ule wa kuvuta kwa kidole ili mchezaji achague mwanga uende haraka au polepole. Haupo. Ameufuta. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila hata kugeuza kiti: "Watoto wanapenda mwanga wa haraka. Ile yako na marehemu ilikuwa inasinzia."

Marehemu! Umefanya naye kazi miaka yote hiyo, na jina lako limeshamshinda kutamka.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, palepale nilipokukuta siku ile. Unaikumbuka? Ulikuwa umemaliza kuichora taa ya mchezo, nguzo yake ya mti, bati lake lenye kutu, kioo chake. Juu ya kioo ulivalisha picha kadhaa, moja ya giza, nyingine ya mwanga hafifu, nyingine ya mwanga mkali, zikifuatana taa inawaka na kuzima. Kwenye simu yangu mbovu ilikuwa inawaka vizuri tu, taratibu. Marwa akaja na simu yake mpya, akafungua mchezo, na taa ileile ikawa kichaa. Ile programu ya kuundia michezo tuliyoipakua ilikuwa inabadilisha picha kila simu inapochora kioo chake upya, na simu nzuri inachora haraka kuliko mbovu. Mimi na Marwa tukacheka. Wewe ukaziba macho kwa mkono, ukapapasa mlango, ukatoka.

Nilikukuta umeinamisha kichwa katikati ya magoti. Ukasema, "Ningeitazama kidogo tena ningeanguka, Rhobi."

Ndipo ukaniambia. Tulikuwa tunalala chumba kimoja tangu tulipofika Mugumu, na vile vidonge vyako vya kila siku uliniambia ni vya vidonda vya tumbo. Kumbe una kifafa tangu shule ya msingi. Ukanieleza jinsi ulivyoanguka darasani, wenzako wakakimbia, na ukabaki sakafuni peke yako kwa sababu walikuwa wanaogopa povu. Ulikuwa unasimulia huku unafuta vumbi kwenye kiatu chako, kama vile ni habari za mtu mwingine.

Tuliirekebisha jioni hiyohiyo. Niliandika upya ile sehemu ili picha zifuate saa, zisifuate nguvu ya simu, taa iwe na mwendo mmoja hata kwenye simu ya tajiri. Ulikaa kando yangu umeziba jicho moja kwa kiganja, unasema, "Punguza. Punguza tena." Mpaka ukaweza kutazama kwa macho yote mawili. Halafu ukadai ule mstari uwe ukurasa wa kwanza, kabla tembo hajatokea hata mmoja. Nikakwambia tuuweke kule ndani kwenye mipangilio, ukurasa usijae. Ulinikatalia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwako. Ulisema, "Mtu kama mimi ataenda kuutafuta lini? Akishaanguka?"

Sasa hicho ndicho alichokifuta Marwa, na udongo wa kaburi lako haujakauka.

Niliurudisha. Akaufuta. Nikaurudisha. Akanifokea, "Kwani ni wangapi wana ugonjwa huo?" Nikamwambia, "Mmoja alikuwa anakaa kwenye hicho kiti ulichokalia." Hakuinuka. Nikamwambia basi atafute mtu mwingine wa kufungua nilichoandika mimi, kwa sababu mchezo usio na ule mstari hautatoka mikononi mwangu, na begi langu nimeshalifunga. Alinitukana, siwezi kuandika hapa alivyonitukana. Mwishowe aliuacha, kwa kuwa kuna watu walikuwa wanakuja kuutazama mchezo na hana mwingine wa kumtegemea. Hajaomba radhi. Pale mwishoni mwa mchezo, penye majina yetu tulioutengeneza, ameweka jina lako, ameandika "Wankulu". Nimelisahihisha.

Lakini hasira yangu kwa Marwa ni ndogo. Kubwa ni ya baba yako mdogo.

Alikuja kukuchukua akisema unakwenda kupumzika nyumbani Machochwe. Nilikuona unafungasha, nikakuona unatia vidonge kwenye mkoba. Ningejua kwamba amekupatia mtu wa kukuombea anayesema imani na dawa havikai pamoja, ningelala mlangoni usipite. Ulipiga simu ukasema, "Niko sawa, Rhobi. Napumzika." Uliongopa, Wankuru. Hukuwa sawa. Asubuhi moja mama yako alikuja kukuamsha akakukuta umelala kifudifudi, uso ndani ya mto, kifafa kimeshakuchukua usiku.

Na baba yako mdogo akasimama msibani, mbele ya watu, akasema, "Mtoto huyu ameuawa na kompyuta. Amekaa kwenye ule mwanga mpaka mwanga umemla." Watu wote wakanigeukia mimi, na begi langu la kompyuta lilikuwa bado begani. Nikasimama. Nikauliza, "Vidonge vyake viko wapi?" Nikauliza tena kwa sauti. Wanawake wakanishika mikono wakanitoa nje, wakasema huyu binti wa Kemambo amezidiwa na uchungu. Nilikuwa na uchungu, ndiyo. Lakini swali lilikuwa swali, na hakuna aliyelijibu.

Kwa hiyo nilirudi kwenu. Nilichukua simu tu, kompyuta niliiacha. "Shikamoo mama," nikasema. Akaitikia huku anatazama mikono yangu kama nimekuja na nyoka. Alikaa mbali na mimi. Nikamwambia, "Mama, nataka uone kazi ya mwanao. Ukisema nizime, nitazima."

Alipoona shamba lake kwenye kioo cha simu alisogea. Uliuchora uzio wake kama ulivyo, na upande ule uliolegea, na jiko lake la nje. "Hili jiko ni langu," akasema. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya mstari. Akauvuta, taa ikapunguza mwendo. Akauvuta tena, ikawa inawaka na kuzima taratibu kabisa. "Hiki ni cha nini?" Nikamwambia, "Aliweka yeye, mama. Ili mtu mwenye ugonjwa wake acheze na asidhurike."

Alikaa na simu ile mkononi muda mrefu, anauvuta na kuurudisha. Kisha akainuka akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha kanga. Vidonge vyako.

"Nilivificha mimi," akasema. "Shemeji aliniambia nivifiche. Mtoto aliniomba. Aliniomba, nikamwambia vumilia."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia baba yako mdogo peke yake, na sasa nimekaa mbele ya mama yako na hasira imenijaa mpaka shingoni. Nikamwambia, "Mama, umenikasirisha sana." Sijawahi kusema neno kama hilo kwa mtu mzima. Akanitazama, akasema, "Kasirika, mwanangu. Na mimi nina hasira." Tukalia wote wawili, si kwa kukumbatiana kama watu wanavyofikiria. Kila mtu alilia kivyake, yeye kwenye kigoda, mimi chini.

Siku ya kikao cha ndugu, cha kumaliza msiba, aliniita nikae karibu naye. Baba yako mdogo akaanza tena habari ya mwanga. Mama yako akasimama. Unamjua mama yako, hasemi mbele ya wanaume. Akafungua kifurushi kile, akavimwaga vidonge mezani katikati ya vikombe vya chai.

"Mwanangu hakuuawa na kompyuta," akasema. "Alikuwa anaishi kwa hivi. Wewe uliniambia nimnyime, mimi nikamnyima. Tumemwua mimi na wewe."

"Mwanamke, kaa chini."

"Sikai."

Hakukaa, Wankuru. Alisimama mpaka yule mzee akachukua kofia yake akaondoka bila kunywa chai. Wapo waliomfuata, wapo waliosema mama yako amevunja heshima ya ukoo. Lakini sijasikia tena mtu akisema kompyuta, na nilipokuwa natoka shangazi yako mmoja alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini hivyo vidonge vinapatikana hospitali gani, kuna mtoto wa jirani yake. Nilimwandikia jina la dawa kwenye kiganja.

Sasa nimebaki na wewe. Uliomba kwa mama, hukuniomba mimi. Simu ulikuwa nayo. Ningekuja kwa pikipiki, ningekuja kwa miguu. Uliwahi kunigombeza jioni nzima kwa sababu ya watu usiowajua, watakaofungua mchezo wako mahali usipopajua, wasije wakaanguka. Mbona hukujigombea mwenyewe hivyo? Nakuuliza, na najua hunijibu, na hilo nalo linanikasirisha.

Kaa salama, rafiki yangu. Nakuahidi hili: kila mchezo utakaopita mikononi mwangu, awe ameulipia nani, mwanga wake utakuwa na mahali pa kuupunguza, na pataonekana. Na nakuahidi lingine. Siku hasira hii ikiniisha nitakuja mwenyewe Machochwe kukwambia, nikiwa nimekaa kando ya kaburi lako. Usinitarajie karibuni.

Rhobi