Zamu ya Maji ya Mama Thembo

Jumatatu, tarehe 4
Mpunga umeanza kutoa maua. Nimepalilia mpaka mgongo ukagoma. Mama Thembo, jirani yangu wa shamba hapa Mubuku, kanicheka, eti napalilia kama nakimbizwa. Kesho zamu yangu ya maji ya mfereji, Jumatano yake. Mdogo wangu Bwambale kapiga simu kutoka Bwera. Jumamosi atakuja kula kwangu. Naandika Kiswahili ili wanangu wasisome. Asante Mungu kwa siku ya kawaida.

Jumanne, tarehe 5
Bwambale amekufa. Risasi, sokoni Bwera, saa nne asubuhi. Alikuwa anapima maharage. Mlinzi wa duka alidhani anamwona mwizi anakimbia, akafyatua, ikampata yeye.
Mlinzi ni Thembo. Mtoto wa Mama Thembo. Polisi wamemshika.
Nimejaribu kuomba. Imeshindikana.

Jumatano, tarehe 6
Mwili umefika. Hajji mwenye lori ndiye aliyemleta, akakaa nasi mpaka jioni. Kina mama wa kanisa wameteka maji, wamepika, wamenivua hata viatu. Bila wao ningeanguka. Asante kwa kila mmoja wao.
Hakuna aliyegusa jembe leo. Maiti ikiwa ndani, shamba halikanyagwi, kwetu ndivyo. Halafu mtu akaja na habari: Mama Thembo kaonekana shambani, kafungulia maji. Mwanawe kaua, yeye anamwagilia mpunga. Ua mzima ulichemka. Nilisema ahame. Mimi ndiye niliyelianzisha neno hilo.

Alhamisi, tarehe 7
Tumezika. Mchungaji alituomba tusichimbe kaburi la pili kwa hasira zetu. Nilimchukia kwa dakika kadhaa. Watu walitoka Rukoki, Hima, kote. Sikujua Bwambale alipendwa hivyo.
Vijana wanasema kesho watafyeka mpunga wa Mama Thembo. Nilisikia. Nikanyamaza.

Ijumaa, tarehe 8
Niliwatangulia shambani asubuhi. Sijui nilitaka kuona nini.
Shamba langu limejaa maji mpaka vifundoni. La Mama Thembo limepasuka, kavu, mpunga umejikunja.
Ilinichukua muda. Zamu yangu ilipita Jumanne nikiwa nagaragara sakafuni. Ya kwake ya Jumatano kaigeuzia kwangu yote. Hakujiachia hata tone.
Vijana wakafika na mapanga. Niliwaonyesha langu, nikawaonyesha lake. Niliwaambia mwenye kosa ni mimi. Waliondoka mmoja mmoja, wakiangalia chini.
Nikaenda kwake. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha sana. Alifungua kidogo, macho yamevimba kuliko yangu.
"Niliogopa kuja kulia kwako, Masika," alisema. "Nikaona mupunga yako isikufe nayo."
Niliona aibu mpaka masikio. Tulikaa chini pale mlangoni tukalia, yeye wake yu hai na hana raha, mimi wangu yuko udongoni.

Jumapili, tarehe 10
Nilimpitia tukaenda kanisani, tukakaa benchi moja. Watu wawili walihama. Wengine walisogea karibu. Nilisimama nikawaeleza yote, pamoja na yale niliyosema uani. Mzee wa kanisa akaomba tuwataje wote wawili katika sala, Bwambale na Thembo. Nilitaja jina la Bwambale. La Thembo sikulitaja, mama yake akalisema peke yake. Sijamsamehe. Mungu anajua, simfichi. Lakini nimeweza kukaa kando ya mama yake.
Baada ya ibada kina mama wakamfuata nyumbani na chakula, siku ya tano tangu msiba. Wamechelewa. Hata hivyo wameenda. Asante Baba.

Jumanne, tarehe 12
Zamu yangu. Maji yamefika saa tatu. Nimefungulia upande wake kwanza.
Tulikaa ukingoni tukingoja udongo wake unywe. Alileta viazi vya kuchemsha, tukala. Aliniuliza kama leo nitamtaja Thembo katika sala. Nilisema bado. Akasema sawa, akanimenyea kingine.
Mpunga wake wa pembeni umekufa. Wa katikati umesimama.